Njia ya Bidoni Mbili

"Devwari gani, kazi gani ya mutoto wa shule, iko na kashe?" Muzee Hitimana aliuliza, mara ya tatu sasa, na mara hii hakumuuliza Mama Fabiola tena. Aliuliza watu waliosimama, kwa sababu Mama Fabiola alikuwa amekwisha kukunja mikono kifuani na kumutazama kama mutu aliyejibanza chini ya bati kungojea mvua ipite. "Mimi nilisoma ku Kalengera mpaka klasi ya ine. Mwalimu alikuwa anatia pointi na wino mwekundu. Saba kwa kumi, ine kwa kumi, basi. Kashe haikuwe ya mwalimu. Kashe ni muhuri wa bilo, wa wakubwa wa serikali, na bilo ikiingia mu kitu, ni parseli inatoka, ni kiwanja cha mutu kinakwenda."

"Muzee, nimekwisha kukuambia. Ni kazi ya mutoto."

"Basi niitie huyo mutoto mwenye anauzisha parseli yangu."

Watu wakacheka, na hapo mambo yakaharibika kabisa. Muzee Hitimana ni mutu wa kuvumilia matusi. Ukimutukana anakurudishia yako na kesho anakusalimia vizuri. Lakini kuchekwa mbele ya mulango wake, hapana.

Kwa wale ambao asubuhi ile hawakupita mutaa wa Mapendo, ugomvi ulizaliwa hivi. Mama Fabiola anauzisha unga, chumvi, makala ya kupikia ya kupima na kopo, na sambaza, wale samaki wadogo, kwenye meza mbele ya nyumba yake ya mbao, na nyumba hiyo imepakana na parseli ya Muzee. Binti yake mudogo, Bénita, yuko klasi ya tano katika shule ya serikali nyuma ya soko. Jana yake mutoto alirudi na karatasi kubwa, ya kushikwa kwa mikono miwili, amechora juu yake avenyu yao mara mbili. Juu, avenyu ya leo. Chini, avenyu ya mbele ya volcano ya 2002, kabla moto haujaifunika. Nyumba zilikuwa vibokisi vyenye majina, robine, lile bomba la maji, ilikuwa na matone matatu ya bluu, na kando ya nyumba ya Papa Buhendwa alisimama mbuzi mwenye pembe ndefu kuliko miguu. Pembeni, Direktere alikuwa amepiga kashe, ule muhuri wa shule wa muviringo. Mama Fabiola hakuwa amewahi kuona kazi ya mutoto wake ikipewa heshima kama ile. Akaipigilia kwa misumari mine kwenye ubao juu ya sambaza, na tangu jioni ile kila aliyekuja kununua chumvi aliondoka ameisoma avenyu nzima.

Muzee alitoka asubuhi kununua kiberiti. Akaona jina lake kwenye kibokisi, akafurahi kidogo, kama mutu yeyote. Kisha akashuka na kidole mpaka mchoro wa chini. Kati ya nyumba yake na nyumba hii ya Mama Fabiola ilipita mistari miwili ya kreyo, ile kalamu ya kufutika, kutoka avenyu mpaka kwenye robine ya nyuma, na katikati ya mistari neno moja: njia. Kando yake, metre mbili. Na pembeni, ile kashe ya bluu.

Kiberiti alikisahau palepale mezani.

Wakamuita Papa Buhendwa, ambaye ndiye nyumba kumi, ndiyo kusema mukubwa wa kusimamia nyumba za pale na kelele zake. Papa Buhendwa alifika na kaye yake, daftari ya kazi, chini ya kwapa, akaivaa miwani, akaisogelea karatasi, akarudi nyuma. Akaisogelea tena, akarudi tena, mpaka watu wakaanza kuulizana kama anajua kusoma. Mwishowe akasema kwamba yeye, tangu aanze kazi, hajaona devwari yenye kashe, lakini pia hajaona cheti cha parseli chenye mbuzi. Kwa hiyo hawezi kukata neno. Karatasi ilitoka masomo, kule shule, irudi masomo, na mwenye wasiwasi aipeleke yeye mwenyewe kesho asubuhi.

Mama Fabiola akang'oa misumari mumoja mumoja, taratibu, kama anamuvua mutoto shati ya misa. "Chukua. Lakini usiikunje, Muzee. Ukiikunja tutazungumuza habari ingine."

Ndani kwa Muzee, bibi yake, muke wake wa ndoa, Mukamazimpaka, alikuwa anachambua maharagi kwenye sinia. Alikuwa amesikia yote, kwa sababu kati ya mulango wao na meza ya Mama Fabiola hakuna hata hatua kumi. Kawaida, kukiwa na ugomvi nje, mama huyo anataka kusimuliwa tangu mwanzo, nani alisema nini, nani alivaa nini. Siku ile aliuliza tu kama chai imepoa. Muzee akaona ni huruma. Akaisimamisha karatasi ukutani, uso ukitazama chumba, akaketi mbele yake.

Sasa kuna jambo moja ambalo Papa Buhendwa hakulijua, wala Mama Fabiola hakulijua, yeye aliyenunua pale miaka minane baada ya volcano kwa mutu aliyekwisha kuhamia Butembo. Mutoto hakukosea. Njia ilikuwako.

Moto wa volcano uliposhuka mwaka ule, avenyu nzima ililala chini ya mawe meusi. Watu waliporudi, mawe yangali yanatoa joto, hakukuwa tena na ukuta, wala choo, wala muti wa kusema hapa ni kwako, hapa ni kwangu. Kila mutu alisimama juu ya jiwe akanyosha kidole na kusema: nyumba yangu ilikuwa hapa chini. Walipimana kwa hatua na kwa kumbukumbu. Muzee Hitimana na ndugu yake, marehemu Havugimana, walitangulia wengine siku mbili. Wakapanga mawe kuonyesha mupaka, na walipofika pale njia ilipokuwa, Havugimana alisema mawe yasogee kidogo. Yakasogea. Wengine walipokuja wakauliza njia, Muzee akasema moto umeikula. Hakuna aliyebisha, moto ulikuwa umekula vitu vikubwa kuliko njia. Mbele akaweka ukuta wa mawe, nyuma akaweka ukuta wa mawe, katikati kizimba cha sungura.

Tangu hapo, watu wa upande ule wakitaka maji wanazunguka na barabara kubwa. Wamezoea. Watoto waliozaliwa baadaye wanadhani dunia iliumbwa na ule muzunguko.

Na yeye alikuwa amezoea pia, isipokuwa kwa karatasi. Alipokuwa kijana kule Kalengera, mutu mumoja alifika kwa baba yake na karatasi yenye muviringo wa bluu, akacheka naye, akakunywa naye, akamuambia aweke kidole. Mavuno yaliyofuata hawakuvuna wao. Kwa hiyo Muzee akiona muviringo wa bluu, anaanza kuhesabu mali yake kabla macho hayajamaliza kusoma. Metre mbili zikitoka, alijisemea, hazitoki peke yake. Watauliza na zile zingine zilipatikanaje. Watauliza yote.

Kesho yake akavaa koti, akaibeba karatasi imefunguka, imebanwa kifuani ili upepo usiikunje, maandishi yakitazama nje. Ndivyo alivyokatisha Mapendo yote, na kila aliyemusalimia alimusalimia akisoma. Mupiga viatu rangi mumoja alimuomba asimame kidogo, hajamaliza. Muzee alitembea na siri yake wazi kifuani kama tangazo la mazishi.

Direktere wa shule, Monsieur Zihindula, alikuwa mutu wa haraka na wa woga, na viwili hivyo vilimuletea kazi nyingi. Aliposikia neno parseli alifunga mulango wa bilo. Akaeleza kwamba kashe ilikuwa ya kuwatia watoto moyo tu. Inspektere alikuwa ametangaza kupita, naye akataka kazi nzuri zionekane ni za shule, akachagua kumi, akazipiga. Hakufikiri. Na wakati anaeleza, jasho likamuonyesha kwamba sasa anafikiri.

"Muzee, nitalimaliza leo," alisema. "Ni ile étude du milieu. Somo la kujua pahali tunakaa na watu wake. Madamu Charline alinilomba miaka mitatu atoke na watoto inje, wapime, waulize wakubwa. Nilijua itazaa matata. Kuanzia wiki ijayo anaandika ku tablo, watoto wanakopi, tunafunga mulango. Hata mu egzameni pointi zake ni kidogo."

Muzee alijisikia mwepesi ghafula. Alikuja na hasira ya siku nzima, na hapa mutu anamupa kila kitu kabla hajaketi vizuri. Akasema ni vema. Akasema watoto wafundishwe hesabu.

Basi Madamu Charline akaitwa. Alikuwa mwanamuke mwembamba, mutoto wa muji wa Beni, mwenye chaki mpaka kwenye nywele, na sauti ya chini ambayo ilikufanya uiname kumusikia. Direktere akamupa habari. Hakubisha. Aliiangalia ramani ya Bénita muda kidogo, kama anaiaga, na Muzee akaona kwamba mwalimu yule amepigwa pahali panapouma. Akasema tu kwamba alipoanza hapa, watoto wake waliweza kutaja mito ya nchi ambazo hawataona, lakini hawakujua jina la mutu anayekaa nyuma ya choo chao. Kisha akamugeukia Muzee.

"Muzee, kama ramani ni ya uongo, tutaifuta. Nakuahidi. Lakini nitakulomba kitu moja. Ingia mu klasi, uwaambie watoto wenyewe uongo uko wapi. Hawajajifunza kufuta kitu juu mutu mukubwa amekasirika. Wamejifunza kumuuliza mwenye aliona."

Direktere alianza kusema si lazima. Muzee akasema ataingia. Kueleza watoto kulimushinda nini? Watoto hawakuwako wakati ule.

Klasi ya tano ilikuwa na watoto hamsini na kitu, watatu watatu kwenye benchi, wakasimama kwa pamoja na mabenchi yakasimama nao. Ukutani zilibandikwa ramani nyingine, avenyu baada ya avenyu, na yeye akajikuta anatafuta anazozijua. Madamu akamuketisha mbele, akaibandika karatasi ya Bénita kwenye tablo, akawaambia watoto huyu ndiye Muzee Hitimana wa kibokisi hiki, na anasema ramani ina kosa.

"Tunafanya nini na ramani yenye kosa?"

"Tunauliza mwenye aliona," wakajibu wote.

Wakamuuliza. Na Muzee Hitimana, ambaye alipanga kusema maneno matano na kutoka, akasema maneno ya saa nzima. Hakujua kwamba alikuwa nayo. Aliwaonyesha kinyozi alipokaa, na mama wa mandazi aliyekuwa anaimba akikaanga, ukimukatisha anakunyima. Akawaonyesha nyumba ya kwanza kuwa na televizyo, ambako watu walilipa kwa kuchota maji. Akawaeleza usiku wa mwisho, anga jekundu, na jinsi alivyobeba vitu vya ovyo, sufuria bila kifuniko na kifuniko cha sufuria ingine. Mutoto mumoja akauliza kama ule moto ukitembea unatoa sauti. Akasema ndiyo, unasikika kama mutu anavunja vioo polepole, bila haraka, nyumba kwa nyumba. Alipowaambia kwamba kando ya nyumba ya Papa Buhendwa hakukuwa mbuzi ila nguruwe, na Papa Buhendwa mwenyewe alikuwa kijana anayemukimbiza kila asubuhi, watoto walicheka, na hakuona ubaya wa kicheko hicho hata kidogo.

Ndipo Bénita akasimama. Alishika rula kwa mikono miwili.

"Koko, na hii njia ilikuwa inapita wapi?"

Muzee akajikohoza. "Nani alikuambia kulikuwa njia?"

Mutoto akamutazama mwalimu, mwalimu akamukubalia kwa kichwa. Bénita akaenda kwenye tablo, akaibandua karatasi yake, akaigeuza. Nyuma, upande ule uliogusa koti la Muzee barabara nzima, palikuwa na mistari minne ya mwandiko wa kujikaza. Akasoma: "Shahidi. Koko Mukamazimpaka. Anakaa ku avenyu yetu tangu 1989. Alikuwa anapita na hii njia kuteka maji, mimba ya mutoto wake Munezero ilikuwa miezi minane."

Hakuna aliyecheka. Watoto hawakujua Mukamazimpaka ni nani kwake. Kwao alikuwa koko tu, mama muzee mumoja wa avenyu. Lakini Muzee alisikia masikio yanawaka. Alimuona bibi yake na sinia lake la maharagi, na lile swali la chai, na jinsi alivyonyamaza. Wala haikuwa huruma.

Madamu Charline akasogea mezani. Alifungua sanduku la chaki, akatoa gome, ile raba ya kufutia, akaiweka mukononi mwa Muzee.

"Tuko na mashahidi wawili," alisema, kwa ile sauti ya kuinamia. "Mumoja ako hapa. Kama njia haikuwako, futa, Muzee. Ni kreyo, inatoka."

Karatasi ikarudishwa kwenye tablo. Muzee akasimama. Gome ilikuwa ndogo, imeliwa pembe zote. Mistari miwili ilikuwa hafifu. Mukono mumoja, hatua mbili, imekwisha. Na Direktere, aliyekuwa amekuja kusimama mulangoni, alimupa ishara ya kichwa, kama kusema, fanya, twende.

Aliiangalia ile mistari. Alichokiona si metre mbili. Alimuona Mukamazimpaka akitokea upande wa robine, kijana, tumbo mbele, bidoni, lile dumu la maji, huku na bidoni huku, akigeuka ubavu ili mwingine apite. Njia ile ilikuwa ya kila mutu, lakini ilikuwa yake pia. Na miaka yote hii amezunguka na barabara kubwa kama wengine, kidumu mugongoni, sasa magoti yanamusumbua, na hajasema neno. Muzee alikuwa amewafungia majirani, ndivyo alivyojihesabia siku zote. Hakuwa amemuhesabu wa nyumbani.

"Upana ni mubaya," akasema.

Watoto wakasogea mbele kwenye mabenchi.

"Mumeandika metre mbili. Haikuwe metre mbili. Nani aliwapa metre mbili?"

"Nilikisia," Bénita akasema.

"Usikisie mambo ya parseli. Njia ilikuwa hapo. Ilipita hapo, mulisema kweli. Lakini upana wake ulikuwa mwanamuke mumoja na bidoni mbili, moja kila mukono. Akikutana na mwingine, mumoja anageuka. Hivyo tu."

Madamu akauliza klasi hiyo ni metre ngapi, na hakuna aliyejua, naye Muzee hakujua. Basi Bénita akasimamishwa katikati ya darasa, bidoni ya maji ya klasi mukono wa kuume, ndoo ya kudekia mukono wa kushoto. Muzee akasema mutoto ni mwembamba mno, mama wa wakati ule walikuwa na miili. Akaletwa Madamu mwenyewe. Naye hakutosha. Mwishowe akaitwa mama anayefagia shule, akashika bidoni mbili akicheka, na kamba ikapita kutoka ukingo mpaka ukingo. Wakaipima kwa rula: metre moja na santimetre thelathini. Muzee akaidai kamba airudie yeye mwenyewe. Metre moja na santimetre thelathini.

Bénita akafuta metre mbili kwa gome, akaandika kipimo kipya. Nyuma ya karatasi, chini ya shahidi wa kwanza, akaongeza wa pili, akauliza jina linaandikwaje, Muzee akamuandikisha herufi kwa herufi.

Nje ya klasi, Direktere alikuwa amechanganyikiwa. Alimuuliza Muzee kwa sauti ya chini kama sasa malalamiko yake yamebaki ama yamekwisha, na somo je, alifunge ama asilifunge.

"Acha somo," Muzee akasema. "Funga kashe mu kabati. Ile njo ilituletea ugomvi."

Kashe haifutiki kwa gome. Direktere akaipigia mistari miwili ya wino, akaandika juu yake: kazi ya mwanafunzi, si cheti cha parseli, akatia sahihi. Muzee alimufanya asome kwa sauti, mara mbili. Madamu Charline alimusindikiza mpaka kwenye geti. Alimuuliza tu kama siku ingine atakubali kurudi, juu mu klasi ya sita hawajasikia habari ya nguruwe. Muzee akasema ataangalia programu yake. Hana programu yoyote, Mapendo nzima inajua.

Alirudi na karatasi kifuani vilevile. Nyumbani Mukamazimpaka alikuwa ameketi mulangoni, mikono mitupu, anamungojea.

"Ulimuambia mutoto," Muzee akasema.

"Aliniuliza." Hakuinua sauti wala hakuinamisha macho. "Miaka yote hii hakuna mutu aliniuliza kitu ya hii avenyu. Hata wewe."

Muzee akavua koti. Akalitundika. Kisha akatoka, akawahamisha sungura wake mumoja mumoja kwenye kikapu, akakiburuta kizimba mpaka nyuma ya jiko, akaanza kubomoa ukuta wa mbele.

Mawe ya volcano ni mepesi kuliko yanavyoonekana, lakini yana meno. Jiwe la tano likamuchuna kidole. Jiwe la kumi likamuletea watazamaji. Wenye kuuza wakaacha meza, wenye kuchota maji wakaweka bidoni chini, motari mumoja akazima pikipiki na mteja angali juu. Kila mutu alikuwa na maelezo yake. Mumoja alisema Muzee ameshindwa kesi. Mwingine alisema amepata fedha anajenga. Papa Buhendwa akafika na kaye, akapenya katikati yao, akauliza kazi hii imeamuriwa na nani.

"Klasi ya tano," Muzee akasema, na hakusimama.

Papa Buhendwa akafungua kaye, akafikiri, akaifunga bila kuandika. Muzee akamuambia, kwa kuwa amesimama bure, ashike upande ule wa jiwe kubwa. Na amuangalie vizuri Bénita, aliongeza, juu mutoto ameambiwa yule munyama wa kando ya nyumba hakuwa mbuzi. Papa Buhendwa alishika jiwe, na wale wakubwa waliokumbuka nguruwe wakageukia ukutani kucheka.

Walipomaliza mbele wakaingia ndani ya ile nafasi, ambayo ilikuwa na harufu ya sungura na kivuli cha miaka, wakafika ukuta wa nyuma. Hapo kelele zilipungua, kwa sababu hapo ndipo jiko la Mama Fabiola lilipo. Yeye hakuwa ametoka kutazama. Tangu mwanzo alisikika tu, kifuniko, mwiko, makala yanapepewa, mutu mwenye kazi zake. Muzee akatoa jiwe la juu, akaona bati la jiko. Akatoa la pili, la tatu, akaona moshi, kisha akamuona Mama Fabiola mwenyewe, amechuchumaa mbele ya sufuria, anasonga bugali bila kumutazama. Ng'ambo, kwenye robine, wamama wawili walikuwa wameacha maji yamwagike.

Jiwe la mwisho alilisukuma kwa muguu. Upepo ukapita, wa kwanza, kutoka robine mpaka avenyu.

Alirudi ndani mbio kidogo, akaleta karatasi, akasimama kwenye lile tundu jipya. Hakujua aanzie wapi. Kuomba radhi mbele ya watu hakukuwa desturi yake, na watu walikuwa wengi. Akainyosha tu mikono yote miwili, karatasi imelala juu yake.

Mama Fabiola akapangusa vidole kwenye kitenge, akaipokea, akaiinua kwenye mwanga akitafuta mukunjo. Akaangalia pembe zote ine. Akasoma kipimo kipya. Akasoma yale maneno ya Direktere juu ya kashe, midomo ikitembea. Akageuza nyuma, akakaa pale muda murefu kidogo kuliko inavyohitaji kusoma majina mawili.

"Haukuikunja," akasema.

"Nilisema sitaikunja."

"Haukusema. Ni mimi nilisema." Akamupa Bénita, aliyekwisha kurudi kutoka shule, karatasi airudishe ubaoni, na misumari ileile, na amuambie yeyote anayenunua leo kwamba meza imefungwa kwa saa moja. Akageuza bugali kwenye sahani kubwa, akaipiga mugongo ikae sawa, akafunua sufuria ya pili. Harufu ya sambaza na nyanya ikamufikia Muzee pale alipokuwa amesimama, vumbi jeusi mpaka kwenye nyusi, kidole kimoja kinatoka damu.

"Papa Buhendwa, kaye yako iache inje, haitakula," Mama Fabiola akasema. "Bénita, ukitoka kwenye meza pita na njia, umulete Koko Mukamazimpaka. Umuambie asizunguke." Kisha akasogeza kiti, kile kimoja chenye mugongo, akaweka bakuli la maji kando yake. "Ingia, Muzee. Nawa mikono ukule."